Wimbo kamili wa AI, mdundo mtupu, katuni au sauti ya mama: kipi kinamsaidia mtoto aliyechelewa kusema?

Mama Nasra (Morogoro)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba tulinganishe jambo hili kwa kina, maana kwenye makundi ya WhatsApp kila nikiuliza najibiwa "jaribu tu utaona".

Nina binti wa miaka mitatu. Anaelewa karibu kila anachoambiwa, ukimtuma kikombe analeta kikombe, anacheka na watu, anaonyesha kwa kidole. Lakini maneno anayoyatamka ni machache mno kwa umri wake. Masikio yalishapimwa, anasikia vizuri. Tumeandikishwa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, ila zamu yetu iko mbali, na sitaki kukaa bure wakati wa kusubiri. Kinachomfungua huyu mtoto ni muziki. Redio ikiwaka anaifuata kwa kuguna, na mstari ukiisha mara nyingine hutoa silabi ya mwisho kabisa.

Ndiyo maana nimeanza kuzitazama hizi programu za akili mnemba zinazotunga wimbo. Naona njia nne. Ya kwanza ni kuiandikia programu maneno ya Kiswahili ikaimba wimbo mzima, sauti na ala, kama Suno inavyofanya. Ya pili ni kuiomba mdundo peke yake bila sauti, kisha mimi ndiye niimbe juu yake. Ya tatu ni katuni na nyimbo zilizo tayari, zikiwemo za Ubongo pale Dar es Salaam, ambazo mkubwa wangu alizipenda sana. Ya nne ni kuimba tu kwa mdomo kama tulivyoimbiwa sisi, bila simu wala umeme.

Waliopita njia hizi waniambie: ipi ilileta maneno, na ipi ilimtuliza mtoto tu? Naomba tofauti hiyo izingatiwe.

Baba Mapacha (Arusha)

Dada, karibu. Mmoja wa mapacha wangu ana usonji, ana miaka sita. Mimi nipo upande wa njia ya kwanza, na sababu zangu ni mbili.

Kwanza, wimbo wa AI unautunga juu ya kitu anachokipenda yeye. Wangu ni malori. Hakuna wimbo wa kununua unaotaja tela, breki, turubai na utingo kwa mpangilio anaoutaka yeye. Mimi nimemtungia. Pili, wimbo ule haubadiliki. Mimi nikiimba nimechoka, sauti inashuka, napitiwa na ubeti, naye anakasirika. Wa kwenye simu unakuja vilevile asubuhi na jioni. Kwa watoto kama wangu uhakika huo ni kitu kikubwa. Tuna wimbo wa kuvaa viatu, wa kupiga mswaki na wa kuzima taa. Zamani kuvaa viatu tu ilikuwa vita.

Kuhusu maneno, nitasema kweli yote: viatu vilivaliwa kwa sababu ya wimbo, lakini neno "kiatu" lilikuja siku mama yake alipozima simu, akaimba mwenyewe, akanyamaza kabla ya neno lile. Kwa hiyo AI ilifungua mlango, mama akaingia.

Bibi wa Ng'ambo (Unguja)

Asalaam aleykum wanangu. Mimi nimelea wangu na wa wanangu, wote wamesema, na wawili kati yao walichelewa. Hatukuwa na simu. Tulikuwa na magoti. Mtoto unamkalisha magotini, uso kwa uso, unamwimbia huku unamrusha kidogo kwa mapigo ya wimbo. Anauona mdomo wako unavyofunga kwa "ma", unavyofunga kwa "ba", anaona ulimi unavyopiga meno kwa "ta". Hiyo simu ina mdomo gani?

Na madrasa nako, watoto wa miaka minne wanaingia hawajui herufi, wanafuatisha kwa sauti pamoja na wenzao, mwalimu anatangulia wao wanajibu. Yule asiyeweza kusema peke yake anasema ndani ya kundi, maana hakuna anayemkodolea macho. Mwanangu Mama Nasra, wimbo wa mdomo si wa kukosa kitu kingine. Ndio wa kuanzia.

Abu Salim (Muscat)

Bibi yangu shikamoo, nakuheshimu, ila tazama na hali zetu tulio mbali. Sisi nyumbani ni Kiswahili, wazee wetu walitoka Unguja na Pemba. Skuli ya mtoto ni Kiarabu na Kiingereza, mtaani Kiarabu, simuni kila lugha. Kiswahili anakisikia kwangu, kwa mamake, na kwa bibi yake siku za Ijumaa. Hana kundi la madrasa linaloimba Kiswahili. Hana mtoto wa jirani wa kucheza naye mduara.

Kwetu nyimbo za AI zimeongeza saa za Kiswahili ndani ya nyumba. Nimemtungia za matunda, za jamaa (mjomba, shangazi, ami, halati), za namba. Anazijua zote na maneno anayatumia. Lakini yeye si mtoto aliyechelewa kusema. Kiarabu anakisema haraka kama maji. Alipungukiwa msamiati wa Kiswahili tu, na hilo ni tatizo tofauti na la Mama Nasra.

Mtaalamu wa Usemi (Nairobi)

Abu Salim amegusa mahali penyewe. Nafanya kazi ya tiba ya usemi na lugha kwa watoto, na nilisomea Makerere, ambako shahada hii ilianza mwaka 2008. Ndiyo sababu foleni ni ndefu kote Afrika Mashariki: fani yenyewe ni changa huku kwetu na tuko wachache. Kwa hiyo Mama Nasra, hongera kwa kutokaa bure.

Tutenganishe mambo mawili ambayo matangazo ya programu hizi huyachanganya. Kuna kujifunza kwa wimbo: siku za wiki, namba, viungo vya mwili, majina ya wanyama. Mtoto anayesema tayari anaweza kuvichukua hivi kwenye wimbo wowote, uwe wa redio, wa katuni au wa AI. Kisha kuna kujifunza kusema kwenyewe, yaani kuanzisha sauti, kungoja zamu, kumjibu mtu. Hapa wimbo uliorekodiwa una upungufu wa kimaumbile. Hauwezi kumngoja mtoto. Ukifika kwenye neno, unalisema wenyewe na kuendelea.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle walichukua watoto wa miezi tisa wa nyumba za Kiingereza, wakawapa vikao 12 vya Kichina cha Mandarin. Waliochezeshwa na mtu aliye hai waliweza baadaye kutofautisha sauti za Kichina. Waliopewa maneno yaleyale kwa video au kwa sauti tupu hawakuambulia kitu. Mtu, sauti na lugha vilikuwa vilevile. Kilichokosekana ni yule mtu kuwepo, kumtazama mtoto na kumjibu.

Kwa watoto wenye usonji wasiosema, kuna njia iliyojaribiwa Boston na kuchapishwa mwaka 2011 na Catherine Wan, Gottfried Schlaug na wenzao. Mtaalamu anaimba neno kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, polepole, huku yeye na mtoto wakipiga ngoma mbili za umeme, pigo moja kwa kila silabi. Watoto walikuwa sita tu, wakafanya vikao 40, na wote walipiga hatua katika kutamka. Sita ni wachache, lakini angalia kilichomo: wimbo mfupi mno, mkono unaotenda, na mtu aliyeketi mbele ya mtoto. Bendi nzima haikuhitajika.

Na nisiwafiche upande wa pili. Utafiti mkubwa wa tiba ya muziki kwa watoto wenye usonji, watoto 364 katika nchi tisa, ulichapishwa mwaka 2017. Haukuona tofauti ya maana katika ukali wa dalili kati ya waliopata tiba ya muziki pamoja na huduma ya kawaida na waliopata huduma ya kawaida peke yake.

Baba Mapacha (Arusha)

Daktari, kwa hiyo unasema muziki haufai? Maana mimi nimeona kwa macho yangu.

Mtaalamu wa Usemi (Nairobi)

Hapana Baba Mapacha. Utafiti ule ulipima hasa dalili za usonji upande wa mahusiano na watu. Haukupima kama mtoto anavaa viatu bila kilio au kama amepata neno "kiatu". Mapitio mapana ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 26, yaliona faida katika hali ya jumla ya mtoto na ubora wa maisha. Ulichoandika hapo juu kinalingana na hayo yote: wimbo ulimtuliza na kumpa mpangilio, halafu mama akachukua zamu na kumwachia nafasi. Ninachokataa ni mzazi kununua mpango wa kila mwezi, kuweka simu mbele ya mtoto, na kuamini kwamba tiba inaendelea.

Fundi wa Mdundo (Dar es Salaam)

Wakuu, mimi ni mtu wa studio, natengeneza biti na kurekodi. Niongeze jambo ambalo naona halijasemwa: hizi programu zinatamkaje Kiswahili?

Ala zinapiga safi kabisa. Kwenye maneno ndipo penye shida, na kwa mtoto anayejifunza kusema shida hiyo si ndogo. Kwenye programu niliyoitumia nimekutana na mambo haya. "Ng'ombe" inaimbwa kama "ngombe". "Mtoto" inaongezewa irabu mbele, au "m" inamezwa, kwa sababu mashine haijui kwamba hiyo "m" ni silabi kamili inayojitegemea. "Dhahabu" inageuka "dahabu". "Nyanya" mara nyingine inapasuliwa kuwa "niyanya". Mtu mzima anavuka tu. Mtoto wa miaka mitatu anausikia wimbo huo tena na tena, na anakishika kile alichokisikia.

Lililo baya zaidi ni mkazo. Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo: MA-ji, sa-BU-ni, ki-A-tu. Maana yake mstari wa Kiswahili unataka kumalizika kwa pigo zito kisha jepesi. Programu hizi zimelishwa zaidi nyimbo za Kiingereza, ambamo mistari mingi huisha kwa pigo zito. Basi inakuletea "ma-JIII", "sabu-NIII". Tuni tamu, neno limepinda. Mtoto akishaizoea, utamsikia anasema hivyohivyo.

Dawa yake ipo kwa kiasi. Chagua maneno yasiyo na mitego hiyo. Andika kwa vistari vya kutenganisha silabi. Tengeneza matoleo mengi, usikilize, ufute yote yenye kasoro hata kama ala zake zimekupendeza. Au uache sauti ya mashine kabisa, uchukue mdundo mtupu. Mimi kwa mtoto wa namna hii ningechukua mdundo mtupu bila kusita.

Mshairi wa Mvita (Mombasa)

Fundi amenena. Mimi naongeza upande wa maneno yenyewe, maana mashine hulaumiwa pia kwa makosa ya mtunzi.

Wengi wanaandika sentensi za kawaida, moja ndefu moja fupi, wanaiachia programu. Nayo inalazimika kubana silabi tisa mahali pa tano, na hapo ndipo maneno yanapotafunwa. Wazee wetu walihesabu mizani. Kila kipande silabi nane, au sita, au nne, lakini zilingane. Ukiandika vipande vyenye mizani sawa, tuni inakaa, iwe ni ya mashine au ya mdomo. Kwa mtoto asiyesema bado, mizani nne zatosha. Na neno unalotaka alitamke liweke mwishoni, mahali pa kina, kwa sababu sikio lake linalitarajia pale.

Huu nimeuandika sasa hivi kwa ajili ya Mama Nasra, wa kunawa mikono:

*Nipe, nipe,*
*nipe maji.*
*Yako wapi?*
*Haya, maji!*

*Nipe, nipe,*
*nipe kopo.*
*Liko wapi?*
*Hili, kopo!*

Kila mstari silabi nne, na kila mstari unaishia kwa uzito unapostahili kuwa. Ubadilishe neno la mwisho utakavyo, almuradi liwe na silabi mbili wazi: pipi sawa, kuku sawa, lakini soksi hapana kwa sababu ya hizo konsonanti mbili katikati.

Mtaalamu wa Usemi (Nairobi)

Mshairi, huu nitauchukua kwa kazi yangu, asante sana. Naufanyia nyongeza moja ya utendaji. Kwenye "nipe maji" ya pili au ya tatu, mama aishie "nipe…" anyamaze, amtazame mtoto kwa uso wa kutegemea, ahesabu kimoyomoyo polepole hadi tano au zaidi. Wengi tunanyamaza sekunde moja tu, halafu tunajaza wenyewe. Mtoto huyu anahitaji muda. Akitoa "ma" tu, mpe maji papo hapo na umalizie "maji!" kwa furaha, bila kumsahihisha.

Kuhusu uchaguzi wa maneno, Kiswahili kimetupa hazina. Sauti zinazowahi kwa watoto ni p, b, m, t, d, n, k, na lugha yetu imejaa maneno ya silabi mbili wazi yaliyojengwa kwa sauti hizo: mama, baba, bibi, babu, dada, kaka, kuku, paka, pipi, tamu, moto, kopo. Anza hapo. Sauti kama r, dh, th na gh huchelewa kwa watoto wengi, kwa hiyo usitunge wimbo wa "karoti na dhahabu" kisha uhuzunike hakuimba.

Mama Nasra (Morogoro)

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Niulize ya pesa na ya haki kabla hatujaendelea. Hizi programu ni bure kweli? Na wimbo nikiutengeneza, ni wangu?

Fundi wa Mdundo (Dar es Salaam)

Inategemea, na sheria zao zinabadilika kila mara. Suno imekuwa na mpango wa bure wa pointi 50 kwa siku, zinazotosha nyimbo kama 10, lakini nyimbo hizo si za biashara. Mpango wa kulipia wa chini umekuwa dola 10 kwa mwezi. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki, Universal, Sony na Warner, zilizishtaki Suno na mshindani wake Udio kwa kutumia nyimbo zao kuifunzia mashine bila idhini. Oktoba 2025 Udio ilipatana na Universal, na ikafunga upakuaji wa nyimbo. Watumiaji walipewa muda mfupi tu wa kuchukua zao. Mwezi uliofuata Suno ilipatana na Warner, ikatangaza kwamba kuanzia 2026 nyimbo za mpango wa bure zitasikilizwa na kushirikishwa tu, hazitapakuliwa.

Hili linamhusu mama moja kwa moja. Umemtungia mtoto wimbo wa kulala, ameuzoea, halafu siku moja haufunguki, au unataka bando usiku wa manane na bando limeisha. Kwa mdundo mtupu kuna njia nyingine: MusicGen ya Meta ya mwaka 2023. Haiimbi maneno, inapiga ala tu, lakini inaweza kukaa kwenye kompyuta yako bila intaneti. Inataka kompyuta yenye nguvu kidogo na mtu wa kukusaidia kuiweka. Kwa matumizi ya nyumbani hakuna ubaya, ila usiuze.

Na jambo jingine, usipakie sauti ya mtoto kwenye programu hizi, wala usiweke jina lake kamili na skuli yake ndani ya maneno ya wimbo. Jina la utani linatosha.

Mwalimu wa PP1 (Kisumu)

Naungana na Fundi hapo mwisho, wazazi tuwe waangalifu sana.

Mimi nina darasa kubwa la chekechea, watoto wa miaka minne na mitano. Kwangu wimbo kamili wa AI una kazi yake na sitauacha. Tuna nyimbo za kupanga vitu, kuhesabu, kunawa, kupanga mstari. Zamani nilikuwa naimba mwenyewe siku nzima hadi sauti inakauka kufikia Jumatano. Sasa wimbo unatoka kwenye spika ndogo ya bluetooth, mimi niko huru kutembea kati ya watoto, kushika mkono wa yule anayekosea, kuinama kumsikiliza yule asiyesikika. Naweza pia kutunga wimbo wa mada ya wiki ileile. Tukijifunza soko, wimbo unataja omena na mboga za osuga, vitu wanavyovijua, badala ya theluji na matofaa.

Kwa watoto wawili darasani wanaosema kidogo, nimeona tofauti ninapopunguza. Wimbo ukiwa na ngoma, gitaa, kinanda na waitikiaji, wananyamaza, wanacheza mwili tu. Nikipiga makofi na kuimba mstari mmoja, wanajaribu kutamka. Hao wawili tuliwapeleka kwenye kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu (EARC), na mmoja aligundulika ana usaha sikioni wa muda mrefu. Wazazi, hakikisheni masikio yamepimwa kwanza kama alivyofanya Mama Nasra. Wimbo hauwezi kumsaidia mtoto asiyeusikia.

Mama K (Dodoma)

Samahani naingilia. Mwanangu amewekewa kipandikizi cha kusikia Muhimbili. Haya mnayosema ya nyimbo za AI yanamhusu naye?

Mtaalamu wa Usemi (Nairobi)

Karibu Mama K, wala hujaingilia. Muhimbili wameanza upandikizaji huo mwaka 2017 na watoto wengi wamefaidika. Kwa mtoto wa kipandikizi jibu langu ni thabiti zaidi. Kifaa kile kinapokea mapigo vizuri, lakini sauti za juu na za chini za tuni kinazifikisha kwa ufinyu, na ala zikijaa pamoja humfikia kama vurugu. Wimbo wa AI wenye ala kumi utamchosha. Mwimbie wewe, karibu, mahali patulivu, kwa makofi au ngoma moja. Mapigo ndiyo rafiki yake. Wimbo wa Mshairi hapo juu utamfaa kama ulivyo. Na mwulize mtaalamu wake wa kifaa kabla ya kumuunganishia simu moja kwa moja.

Bibi wa Ng'ambo (Unguja)

Alhamdulillah, naona tunarudi magotini.

Abu Salim (Muscat)

Bibi, tunarudi, lakini na mdundo mkononi. Mimi nimeamua kitu kutokana na mjadala huu. Nyimbo za msamiati nitaendelea kuzitengeneza na AI, ila nitazisikiliza kwanza na mamangu, yeye ndiye mwenye Kiswahili kilichonyooka, na anayoikataa ninaifuta. Nitamwomba pia arekodi sauti yake juu ya midundo hiyo. Wajukuu wamsikie bibi yao. Fundi, simu ya kawaida inatosha kurekodia?

Fundi wa Mdundo (Dar es Salaam)

Inatosha kabisa. Chumba chenye mapazia na godoro, simu kifuani kidogo chini ya kidevu ili pumzi isipige maiki, mdundo usikilizwe kwa vipokea sauti vya masikioni ili usiingie kwenye rekodi. Kisha unaviunganisha viwili kwa programu yoyote ya kuhariri sauti. Usiweke mwangwi wala kupaka sauti rangi. Mtoto anataka kuisikia "b" ikipasuka na "s" ikivuma.

Baba Mapacha (Arusha)

Na mimi niongeze la sauti kuwa kubwa. Wangu alikuwa anataka spika ijae. Tulishusha polepole hadi tunaweza kuzungumza juu yake bila kupaza. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 75 kwa saa 40 za wiki kwa watoto. Kipimo cha nyumbani ni hicho: ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, punguza.

Mama Nasra (Morogoro)

Basi nimepata mwelekeo. Katuni zitabaki za mkubwa, na mdogo atatazama naye kidogo, ndani ya ile saa moja kwa siku tuliyoelekezwa kliniki. Wimbo kamili wa AI nitautumia kwa shughuli mbili tu, kuoga na kulala, baada ya kuuchuja matamshi kama Fundi alivyosema. Kazi ya maneno nitaifanya kwa mdomo wangu, na mdundo mtupu kwa mbali kwa sababu muziki ndio unaomleta mezani. Mtaalamu, siku ya zamu yetu ikifika niende na nini?

Mtaalamu wa Usemi (Nairobi)

Nenda na daftari lenye kila neno analolisema, liandike kama anavyolitamka yeye na alikuwa anataka nini. "Ma" ya maji na "ma" ya mama ziandike mbalimbali. Nenda na video fupi za simu mkiwa mnaimba nyumbani, kwa sababu wengi wao wakifika chumbani kwetu hunyamaza kimya. Nenda na majibu ya kipimo cha masikio. Na kama kuna lugha ya pili nyumbani usiiache, endelea kumwimbia kwa zote mbili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Lakini akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje zamu, piga simu mapema na ueleze hivyo.

Mama Nasra (Morogoro)

Nyumbani ni Kiswahili na Kiluguru cha mama mkwe. Nilikuwa nimemwomba mama mkwe apunguze. Leo jioni nitamwambia aendelee. Fundi, nikikuomba mdundo wa huo wa kunawa utanitengenezea?

Fundi wa Mdundo (Dar es Salaam)

Nimeshakutumia faili mbili kwenye ujumbe wa faragha. Zote ni marimba na ngoma moja, mapigo 72 kwa dakika, hakuna kinanda. Ya kwanza inaendelea moja kwa moja. Ya pili, baada ya kila "nipe" ngoma inakaa kimya mapigo manne, nafasi ya mtoto. Ukiona mapigo manne hayamtoshi niambie, nitaweka manane.